Tambara Chini ya Gogo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Naliweka hili mbele kabisa, kwa sababu katika kisa hiki kuna mahali nitaonekana mjanja, na sitaki mtu adanganyike kama nilivyodanganyika mwenyewe.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha chuma ndani ya chumba cha matangazo cha kata, saa kumi na moja jioni, mdomo karibu na maikrofoni iliyonuka mate ya watu watatu walionitangulia kazini. Nilikuwa nimekwisha kusoma zamu za mafuta ya taa, siku ya kuzibua mifereji na majina ya watoto wa kuchanjwa. Karatasi iliisha. Kidole kilikuwa tayari kwenye swichi. Basi nikasema, kwa ile sauti nzito ya serikali:

"Na yule ndugu wa jengo la pili, ghorofa ya tatu, anayekata kuku juu ya tambara: tunamwomba aondoe tambara, ili sisi wengine tupate kula walau mlio."

Nikazima. Dirisha lilikuwa wazi. Kicheko kilianzia kwenye foleni ya maji, kikapanda ngazi, kikatembea ujia kwa ujia, jengo kwa jengo, mpaka kikanirudia pale nilipokaa. Mwanamke mmoja alicheka hadi akaangusha ndoo. Nina miaka sabini na minne sasa na sijapata tena kicheko kama kile. Wala sikitaki.

Mtu wa leo hawezi kulielewa tambara lile bila kuambiwa. Hanoi ya miaka ile nyama ilikuwa ya kuponi, kipande cha kutosha kiganja, na kuku mzima alikuwa tukio. Tena kuku wetu hana siri. Huchemshwa mzima, huwekwa madhabahuni mbele ya picha za wazee, halafu hukatwa pamoja na mifupa yake, panga la jikoni likigonga gogo: ko, ko, ko. Jikoni zetu zote zilipangana kwenye ujia mmoja na kuta zilikuwa nyembamba kama aibu yetu. Mlio ule ulitangaza kuliko kipaza sauti changu. Fulani kapata kuku. Kapata wapi? Kapewa na nani? Kwa hiyo kila mwenye kuku alikunja tambara, akalitandika chini ya gogo, akakata polepole kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Nasi majirani tuliongeza sauti ya redio, tukakohoa, tukazungumza habari za mvua.

Ilikuwa mwaka 1986, mwaka wa Chui. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka vitani na sikio moja. Lile la kushoto nililiacha kando ya mzinga, halijarudi hadi leo. Mchana niliziba matairi ya baiskeli langoni, jioni nilisoma matangazo, kwa sababu Mzee Thuc, mjumbe wetu, alisema sauti yangu inafaa na mdomo wangu umekaa bure. Kila mtu alinipenda. Nilikuwa nikimtania mwenye kipara kuhusu kipara chake, na mwenye kipara ndiye aliyecheka zaidi.

Na nilikuwa na nguruwe. Ghorofa ya nne, ndani ya bafu, juu ya ubao ili asiteleze. Mwaka ule kata ilikuwa imepiga marufuku nguruwe majumbani kwa sababu mabomba yaliziba, lakini nguruwe yule ndiye aliyekuwa sikukuu yetu ya mwaka mpya, viatu vya watoto wetu na dawa ya mama mkwe. Tulimlisha machicha ya pombe ya mchele ili ashinde amelewa, asipige kelele. Nilimpa jina la kiongozi fulani. Mke wangu Mui alinikataza kulitamka, na hata leo silitamki.

Jioni ile ya utani nilipanda ngazi nikipokea pongezi kila ghorofa. "Tuat, utatuua!" "Tuat, kesho tutangazie na mchuzi!" Kwenye ghorofa ya tatu mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Nikaupita. Juu, Mui alikuwa anaosha mchele, hakugeuka.

"Hukusikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia. Leo mwezi mwandamo tarehe ngapi?"

"Kumi na nane. Mwezi wa kumi."

"Kuku yule ni wa nani?"

"Wa dada yako Khue. Nani mwingine hukata kwa adabu vile?"

"Ni wa nini?"

Si mwaka mpya, si mwezi mpevu, si arusi. Sikujua ni wa nini.

"Basi kama hujui," Mui akasema, "ulisema ili iwe nini?"

Bi Khue alikaa chini yetu kabisa, mlango ule uliofungwa; hakuwa ndugu wa damu, Mui alimwita dada kwa ujirani tu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mjane, mwenye kikohozi kisichoisha na binti mmoja, Thoa, wa miaka ishirini. Karatasi za Thoa zilikuwa mezani kwa kata zikisubiri muhuri. Alikuwa amechaguliwa kwenda kiwandani Chekoslovakia, kufuma nguo miaka minne. Leo mtu atasema kufuma nguo si kitu. Kwetu ilikuwa ni mapafu ya mama yake kupata dawa, ni sanduku la mbao kurudi kwa meli likiwa na cherehani ndani, ni binti mmoja kutoka kwenye foleni ile na kuona theluji. Asubuhi akiteka maji alikuwa akihesabu ndoo kwa Kicheki. Mimi nilimjibu kwa Kicheki cha kubuni, bwa-bwa-bwa, naye akacheka, akisema, "Baba Mdogo, hiyo umetukana mtu."

Muhuri wa kata haukuuliza kama unajua kufuma. Uliuliza wewe ni mtoto wa nani, na mama yako ni mtoto wa nani, na wako wapi. Bi Khue alikuwa ameandika jibu lilelile miaka yote: baba yangu aliondoka kwenda kusini mwaka 1954, hatujapata habari zake. Hakuna ndugu ng'ambo. Hakuna mawasiliano. Aliyekwenda kusini alihesabiwa amekwenda kwa adui, na mwenye ndugu ng'ambo hakupigiwa muhuri.

Siku ya tatu baada ya utani wangu niliitwa ofisini. Ilikuwa mchana, jua la baridi liko mezani. Mzee Thuc alikuwa anavuta kiko chake cha maji, na pembeni yake kijana wa polisi wa kata, jina lake Luc, alikuwa na daftari. Nilimiminiwa chai. Nikajua mambo ni mazuri, kwa sababu chai ilikuwa ile ya wageni, isiyo na vijiti.

"Ndugu Tuat," akasema Mzee Thuc, "mwenzetu unatuchekesha sana. Hata mwenyekiti amecheka."

"Ah, mzee, mdomo tu huu."

"Ni nani yule wa ghorofa ya tatu?"

"Mzee! Utani tu. Nilibuni."

Alivuta kiko, maji yakagugumia ndani ya mwanzi, akautoa moshi wote kwanza. Luc hakuandika. Kalamu ilikaa juu ya karatasi ikisubiri kwa subira.

"Nguruwe hajambo?" akauliza Mzee Thuc.

Aliniuliza kama mtu anavyouliza hali ya mtoto. Hapo ndipo nilipojua kwamba daftari lile lilikuwa na ukurasa wangu pia, na kwamba huenda ukurasa huo uliandikwa na jirani fulani ambaye jioni ile alikuwa amecheka hadi kuangusha ndoo. Nikahisi sikio langu zima likipata moto. Nikaona bafu tupu, mama mkwe akikohoa, watoto wakiwa peku mwaka mpya.

"Ni Bi Khue," nikasema.

Kalamu ikatembea.

"Labda ilikuwa siku ya marehemu baba yake," akasema Mzee Thuc, kwa upole kabisa, kama anayemtafutia njia. "Mtu anafanya kumbukumbu ya mzazi wake. Hakuna kosa."

Ningesema: ndiyo, mzee, bila shaka. Maneno manne, chai ingeisha, ningerudi kwenye matairi yangu. Mpaka leo nayasema maneno hayo manne nikiwa peke yangu. Lakini mimi ni mtu ambaye hawezi kuacha jambo likae vibaya mbele yake akiwa anajua zaidi. Tena nilikuwa na hofu, na mwenye hofu hutaka aonekane wa msaada. Nikacheka kidogo.

"Hapana, mzee. Siku ya baba yake ni mwezi wa tatu. Hupika kila mwaka, mke wangu huenda kumsaidia. Ila mwaka huu mwezi wa tatu hakupika."

Mzee Thuc akaweka kiko chini.

Desturi yetu hata mtoto anaijua. Aliyepotea bila kaburi na bila habari, watu wake humkumbuka siku aliyotoka nyumbani. Bi Khue alikuwa akimpikia baba yake kuku mwezi wa tatu kwa sababu ndio mwezi alipovuka mlango akiwa na begi, naye Khue ana miaka kumi na miwili. Sasa amemhamishia mwezi wa kumi. Hakuna anayehamisha siku ya mzazi wake ila mtu aliyeambiwa siku ya kweli. Na kama ameambiwa, kuna aliyemwambia. Na aliyemwambia hakai mtaani kwetu.

Nililiona jambo zima likijipanga mbele yangu juu ya meza, kama mtu anayeona ndoo ikidondoka na mikono yake iko mfukoni. Luc aliandika mistari miwili. Mistari miwili tu. Halafu akanigeuzia daftari ili niweke sahihi, nami nikaweka, kwa mwandiko mzuri.

"Nguruwe yule," Mzee Thuc akasema akinisindikiza, "mfunge vizuri. Majirani wana masikio."

Barua iliyomwambia Bi Khue siku aliyokufa baba yake ilikuwa imepitia Ufaransa, ndani ya kopo la dawa ya kikohozi. Hayo niliyajua baadaye, kwa Mui. Yeye alikuwa anayajua toka mwanzo. Bi Khue alimweleza bombani, wakiwa wameinama juu ya ndoo, na Mui aliyafunga mwaka mzima bila kuniambia mimi, mume wake, ninayelala naye kitanda kimoja. Nilimuuliza kwa nini. Alinitazama mdomo.

Hakuna aliyekamatwa. Naomba hilo niseme, maana wanaosikia kisa hiki hungoja gari la polisi. Hakukuwa na gari. Bi Khue aliitwa mara moja, akakaa saa nzima, akarudi na kikapu chake cha mboga. Karatasi za Thoa ziliandikwa neno moja pembeni kwa penseli: zinachunguzwa. Penseli hufutika kwa urahisi, na hakuna aliyeifuta.

Majuma mawili baadaye nililetewa orodha ya wasichana wa kata waliofaulu kusafiri. Niliisoma kwa kipaza sauti. Majina yalikuwa saba. Kati ya la pili na la tatu palikuwa na mstari uliokatwa kwa rula, na chini ya mstari jina lingali linasomeka. Nikasoma la kwanza. Nikasoma la pili. Halafu sauti yangu, ile inayofaa, ikaruka mstari ule kama mtu anayeruka mtaro, ikatua kwenye la tatu. Sijui kama waliokuwa wakisikiliza waliona. Mimi niliona mruko ule ni mrefu mno. Nilipotoka, Thoa alikuwa kwenye foleni ya maji, zamu yake imefika, maji yanamwagika juu ya ndoo iliyojaa, na hahesabu.

Nguruwe wetu tulimchinja kabla ya mwaka mpya. Alikuwa mnene, watoto wakavaa viatu. Mui alipeleka paja zima chini kwa Bi Khue bila kuniuliza. Alirudi na sahani tupu na salamu: "Dada anasema asante. Anasema mwambie shemeji nyama ni nzuri." Nilijaribu kula, nikaona ninatafuna daftari.

Na mwaka uliofuata, mwezi wa kumi tarehe kumi na nane, alasiri, nikiwa nimekaa ngazini nikijiandaa kwenda kusoma matangazo, nikasikia: ko. Halafu tena: ko. Ko. Ko. Bila tambara. Alikuwa anakata kuku wake juu ya gogo tupu, mlango wazi, kila pigo likitoka mpaka uani. Alikuwa hana tena cha kuficha kwa mtu, tulikwisha kumvua chote. Redio zikazimwa moja moja. Hakuna aliyekohoa. Jengo zima lilikaa kimya likisikiliza kuku wa mtu mmoja, na mimi nikageuza kichwa, nikaelekeza kule sikio langu lililokufa. Nikaendelea kusikia.

Alifanya hivyo kila mwaka, miaka thelathini na minne.

Mzee Thuc alikufa zamani, mazishi makubwa, na mimi nikabeba shada. Kipaza sauti kiliteremshwa kwenye nguzo. Jengo letu limepigwa alama nyekundu ya kubomolewa, lakini bado tumo. Siku hizi kuna kamera juu ya mlango wa ngazi, ya kuzuia wezi wa pikipiki, walisema. Nimekaa chini yake mara nyingi na kutazama watu wanavyopita. Kabla ya mlango wanatembea kama wao. Wakifika pale, mmoja ananyoosha shati, mwingine anamwachia mtoto mkono aliokuwa amemvuta nao, mwingine anatabasamu, haijulikani kwa nani. Wakishapita, wanarudia kuwa wao. Mimi mwenyewe hushusha mabega. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama kamera ile imeunganishwa na kitu.

Bi Khue alifariki mwaka jana kwa kifua. Mwezi uliopita Thoa alinialika kwenye kumbukumbu ya mwaka wa kwanza. Ana miaka hamsini na sita. Hakwenda popote, aliuza supu ya tambi chini ya ngazi, akasomesha watoto wawili kwa supu hiyo, na supu yake nimeinywa asubuhi nyingi bila kuweza kumtazama usoni zaidi ya bakuli moja. Nilifika mapema kuliko wageni wengine. Yeye alikuwa amechuchumaa kwenye ujia, gogo mbele yake, kuku mzima, panga mkononi.

"Karibu, Baba Mdogo. Mbona mapema? Umesikia harufu?"

"Nimesikia njaa."

Akacheka. Alicheka kama zamani kwenye foleni. Labda ndicho kilichonifungua kinywa, maana kicheko ndicho kilichonifungua kinywa mara ya kwanza pia.

"Thoa, mwanangu. Mwaka ule wa Chui. Karatasi zako."

"Enhe."

"Ni mimi."

Alikata paja, akaligawa mara mbili. Ko, ko.

"Najua," akasema. "Mama aliambiwa ofisini siku ileile. Walimsomea. Walimwonyesha na sahihi. Alisema mwandiko wako ni mzuri."

Miaka yote hiyo. Salamu zote zile, supu zote zile, na paja la nguruwe juu yake. Hapo mtu mwenye akili angepiga magoti au angenyamaza. Mimi nilifanya ninachojua kufanya: nikajitetea.

"Waliniuliza nguruwe, Thoa. Nilikuwa na watoto."

"Na mama alikuwa na mtoto."

"Na si mimi niliyenyima muhuri. Tena wangejua tu! Wewe unazijua kuta zetu. Siku ile kila mtu alisikia kuku yule, kuanzia uani mpaka juu. Tambara gani lile? Halikuzuia kitu! Mimi nina sikio moja na nilisikia. Jengo zima lilisikia!"

Sauti yangu ilikuwa imepanda, ile ya maikrofoni. Mlango wa jirani ulifunguka kidogo, ukafungwa. Thoa aliliweka panga kando ya gogo, akafuta mikono, akaniinulia uso bila hasira yoyote.

"Mama alijua mnasikia, Baba Mdogo. Tambara aliliweka ili mkiulizwa, mpate pa kusemea kwamba hamkusikia."